Nyumba ya Saba Nimeimaliza

Mama,

Shikamoo. Najua barua ya namna hii haina wa kuitikia marahaba, lakini siwezi kuanza kuongea na wewe bila shikamoo, ungenikata jicho.

Jana alasiri niliitoa mashine ya gemu stoo, nikaifuta vumbi, nikaicheza ile nyumba ya saba mpaka mwisho. Peke yangu. Pedi yako ya kuchezea niliichomeka vilevile, nikaiweka mkekani pale ulipozoea kukaa.

Unakumbuka ulivyoikataa mwanzoni? Kaka Rashidi alipotuletea kutoka Kariakoo ulisema nyumba ya Mwislamu haiwekwi mambo ya mizimu. Siku ya tatu ukaja kusimama mlangoni na ungo wako wa mchele. Siku ya nne ukauliza, "Kwani huyo marehemu kafa na nini hasa?" Nikajua nimekupata. Maana gemu lenyewe halikuwa la kupigana, lilikuwa la umbea mtupu. Unaingia kwenye nyumba yenye mzimu, unapima baridi ya vyumba, unapiga picha, unasoma barua za watu, mpaka ujue aliyekufa ni nani na kilichomuua. Ukishaliandika jina lake, nyumba inatulia. Na kwa umbea, mtaa mzima wa Mtanda nani angekuweza? Mimi nilikusomea Kiingereza chao, wewe ukachambua. Nyumba ya pili ulimshika mume wa marehemu kuwa ndiye muuaji kwa sababu tu kwenye picha ya mazishi kavaa viatu vipya. Nilikubishia nusu saa nzima, na ukawa sahihi.

Ile ya saba ndiyo iliyotushinda. Sauti ya mwanamke inaita kutoka chumba usichokiona, na gemu linakuuliza: unaitika au unanyamaza? Kila mara tulinyamaza. Ndivyo ulivyonilea, na bibi alikulea wewe hivyo hivyo kule Sudi: ukiitwa na usiyemuona, nyamaza mpaka ajitokeze ujue kuwa ni mtu. Miezi mitatu tukazunguka vyumba vilevile na kipimajoto, tunatafuta ushahidi wa mwisho, na kati yetu hakuna hata mmoja aliyewaza kubonyeza kuitika. Aliyelitengeneza gemu lile hakulelewa Lindi.

Ndipo tukaanza utani wetu. Unakwenda uani, unaniita kwa sauti nyembamba ya yule mwanamke, "Zenaaa," nami ndani nabana pumzi. Nikiitika nimeliwa, vyombo vyote naosha mimi. Nilikuwa nakuita wewe pia, lakini wewe hukunaswa hata siku moja.

Siku ile uliita mara tatu. Nilikuwa chumbani najisuka nywele. Sauti ilikuwa nyembamba. Nilicheka, Mama. Nikasema moyoni, leo hunipati. Mara ya tatu jina hukulimalizia. Nikamalizia msuko niliokuwa nao mkononi, ndipo nikatoka, nikakukuta umelala ubavu karibu na kinu, mdomo umekwenda upande, mkono wa kulia haunyanyuki. Ulinitazama. Hukuweza kusema tena, na kabla ya magharibi ulikuwa umeshaondoka.

Nesi wa hospitali aliniambia presha ilikuwa imeshapasua mshipa, hata ningetoka mbio ingekuwa vilevile. Nilimshukuru. Lakini nesi hakuisikia ile sauti.

Wanaume walipotoka kukuzika, Mama Mdogo aliikuta mashine sebuleni. Unamjua mdogo wako. Akasema ndiyo hii, mmekaribisha mashetani ndani, yamemchukua dada yangu. Nami nikanyamaza. Si kwamba niliamini, nilinyamaza kwa sababu ilinifaa. Matanga hayajaisha habari ilikuwa imeshafika sokoni. Mpaka leo watoto wa jirani hawaingii kwetu, na wanawake wananishika mkono wananihurumia, eti mimi ndiye niliyenusurika. Wananiletea uji.

Kesho kutwa ni arobaini yako. Mama Mdogo ameshapanga, hitima ikisomwa tu, mashine inachomwa moto nyuma ya nyumba. Nililala na neno hilo, nikaona ikiungua hiyo, uongo wangu umekamilika, maana anayesingiziwa atakuwa majivu na hakuna wa kuuliza tena.

Kwa hiyo jana nikakaa mkekani. Yule mwanamke akaita. Nikabonyeza kuitika, na mdomo wangu nao ukasema "Abee," kwa sauti, peke yangu sebuleni. Unajua alichotaka? Kutaja jina lake tu. Nikaliandika, taa za nyumba ile zikawaka, gemu likaisha. Nililia mpaka nikaishiwa machozi.

Kisha nikamfuata Mama Mdogo jikoni, alikuwa kwenye mbuzi anakuna nazi. Nikamwambia utani wetu, zile mara tatu, na msuko. Hakunipiga wala hakulia. Aliendelea kukuna nazi ileile mpaka meno ya mbuzi yakaanza kukwangua kifuu, ndipo akasema, "Usiniombe mimi msamaha. Sikukuita mimi. Kaombe radhi kwa aliyekuita." Akaniachia nazi, akatoka.

Nimekuja kwa barua hii, Mama. Naomba radhi yako. Nesi nilimwambia sikujua, na Mama Mdogo pia nilimwambia sikujua. Wewe sikufichi. Ile mara ya tatu nilijua kidogo. Nilijua kidogo, na nikamalizia msuko.

Kesho kutwa uani kutajaa. Wakishasoma, kabla sinia za wali hazijatoka, nitasimama mbele ya wanawake wote wa Mtanda niwaambie gemu halikumuua mtu. Nitawaeleza kama nilivyokueleza hapa, na hilo la mara ya tatu nalo nitalisema, Mama Mdogo akiwa anasikia. Watakaonichukia wanichukie, nimejiandaa. Mashine wakitaka kuichoma waichome. Ila haitachomwa kwa kosa langu.

Mungu akupanulie kaburi lako, Mama, akutie nuru humo. Hilo la kusema mbele ya watu nimekuahidi, na nitalifanya.

Mwanao,
Zena