Maelezo ya Mama Chiriku Kuhusu Mtoto Aliyelia Sokoni

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Limehifadhiwa kwa ajili ya mtoto. Mtaani naitwa Mama Chiriku.
Umri: Miaka 25.
Kazi: Kufua na kupiga pasi nguo za watu.
Makazi: Chumba cha tatu, nyumba ya geti la kijani, nyuma ya soko.

Afande, kwanza naomba radhi kwa kuchelewa. Uliniambia nije kesho yake asubuhi, nami nimekuja siku ya nne. Nilisema kichanga changu kina homa. Homa ilikuwepo, ila ilipoa mapema. Najua pasipoti ya mtoto iko kwenye kabati lenu na wale wageni hawawezi kusafiri mpaka niandikishe. Naandikisha sasa.

Mimi ni mlezi wa muda. Mtoto tunayemwita Chiriku, kwa kuwa hanyamazi, nililetewa na afisa ustawi wa jamii akiwa na wiki tatu. Sasa ana miaka miwili na nusu. Mimi na mume wangu tuliomba kumuasili, tukaambiwa chumba kimoja hakitoshi. Ndipo wakaja mume na mke kutoka nchi nyingine. Yule mama alinionyesha picha za kwao: chumba cha Chiriku kina dirisha kubwa kuliko mlango wangu. Sikumuuliza. Alinionyesha mwenyewe.

Walianza kuja kila Jumamosi, kisha kila siku. Afisa anakaa kwenye kigoda anaandika, yule mama anamlisha mtoto, mimi napiga pasi. Siku mahakama iliporidhia wamuasili, mume wangu aliniambia, "Mke wangu, shati la watu hilo unaliunguza." Kweli nilikuwa naliunguza.

Kitenge ninachombebea mtoto nilikikata vipande viwili tangu zamani. Afisa aliniagiza nimpe yule mama kipande kimoja bila kukifua, kiwe na harufu aliyoizoea mtoto. Nilimsikia vizuri. Nikakifua, nikakipiga pasi mpaka kikasimama. Sikutaka yule mama aende kwao kusema mtoto alilelewa kwenye tambara. Na harufu ile ni yangu.

Mnamo tarehe 9 mwezi huu, saa nne asubuhi, nilimkabidhi mtoto. Hakulia, alidhani anatembezwa tu. Majirani sikuwaambia. Wangeanza kunipa pole.

Mnamo tarehe 11, saa tano na nusu asubuhi, nikiwa naanika nguo, jirani yangu muuza mitumba alinipigia simu.

"Mama Chiriku, njoo mbio! Mwanao anaibwa!"

Nilitoka na mapovu mikononi, kichanga mgongoni. Sokoni nilikuta watu wamemzunguka yule mama. Mumewe alikuwa amekwenda kushughulikia tiketi. Mtoto anapiga mateke na kuita, "Mama! Mama!" Kumbe alikuwa amemwona mwanamke aliyejifunga kitenge kama changu. Yule mama amemkumbatia kifuani, na kitenge nilichompa amekizungusha shingoni kama mtu mwenye kikohozi.

"Hata kubeba hajui!" jirani yangu akasema. "Mama wa wapi huyo?"

Watu wakacheka. Afande, usinifichie: na mimi nilicheka.

Askari wa zamu akatuleta wote hapa. Wewe mwenyewe ulimweka mtoto chini ukamuuliza, "Mama yuko wapi?" Akanikimbilia, akanikumbatia goti. Jirani yangu akapiga vigelegele humu humu kituoni. Yule mama alikaa kwenye benchi akaniambia, "Dada, nisaidie." Ni Kiswahili nilichomfundisha mwenyewe.

Ukaniuliza, "Haya, mama, sema. Mtoto ni wa nani?"

Nilimfuta Chiriku machozi kwanza, unakumbuka. Ulirudia swali. Nikasema, "Wa huyo aliyekaa. Hajaiba, kapewa." Ukasema mdomo hautoshi, lazima iandikwe.

Nikamfungua kichanga changu, jirani akamshika. Nikamwambia yule mama, "Dada, inama. Inama zaidi, haanguki huyo." Nikamlaza Chiriku mgongoni mwake, nikamfunga kwa kipande changu, kile kisichofuliwa. Mtoto akavuta pumzi, akatia kidole sikioni kama anavyofanya akisinzia. Sijamaliza fundo, kashalala. Ningependa angalau alie kidogo.

Nilirudi nyumbani na kichanga mikononi.

Nathibitisha kuwa mtoto hakuibwa na kuwa mama yake ni yule. Naomba wapewe pasipoti leo.

Ninachohitaji niletewe kutoka huko waendako ni picha moja ya mtoto akiwa amelala, maana kwa picha ya kucheka mtu anaweza kuchekeshwa. Pia niambiwe kama bado anatia kidole sikioni. Na kitenge changu, akishamzoea mama yake, kirudishwe. Kisifuliwe.

Haya ndiyo niliyoyaona na kuyatenda, na hakuna aliyenilazimisha kuyasema.

Sahihi ya shahidi: (ametia sahihi)

Maelezo ya afisa wa polisi: Nimemsomea shahidi maneno yake, akayakubali yote. Pasipoti imekabidhiwa kwa wazazi saa tisa alasiri mbele yake. Kabla ya kuondoka, shahidi aliomba neno la mwisho kuhusu kitenge lipigiwe mstari. Limepigiwa.