Kunguru wa Elia, Magugu ya Ziwa

Jumatatu, 3 Machi 1997
Nisamehe, daftari. Tangu Krismasi sijakushika. Neema anaota meno, silali. Alfajiri mwaloni, mitumbwi inapotia nanga, na beseni kungoja dagaa, kama kawaida. Kuanika, kugeuza, kufukuza kuku. Magugu maji yamefika kwenye mawe. Jana yalikuwa mbali.

Alhamisi, 6 Machi
Kiwanda cha nguo kimeuzwa. Mume wangu Masanja hayumo kwenye wanaobaki. Anataka tuhamie Sengerema kwa mama yake, tukalime. Nimekataa. Mahali hapa nilipaomba kwa kufunga, Mungu akanipa. Nabii Elia alitumwa kijitoni, kunguru wakamlisha. Masanja kacheka vibaya. "Mama Neema, hao kunguru wako nao si wamepunguzwa kazi?" Nimemnunia.

Jumamosi, 8 Machi
Upepo umegeuka. Ziwa lote kijani. Mitumbwi haikutoka. Kimya kibaya. Maji ya kuchota yananuka. Naogopa.

Jumanne, 11 Machi
Neema anaharisha. Macho yameingia ndani. Maji ya chumvi na sukari, kijiko kwa kijiko. Hata kulia hawezi. Kunguru hawajaja.

Jumatano, 12 Machi
Kanywa uji. Asante, Bwana.
Jumuiya ya kanisa wamesali kwangu. Kwetu kila mama huchukua mstari wake mmoja wa Biblia, akaushike nyumbani. Mimi nimeshika wa kunguru. Nikawaambia sihami, Mungu atalisha. Mama Kulwa, mkubwa wetu, akaniangalia. "Mwanangu, wako umeushika vizuri. Na wangu je? Ndio unaofuata." Akasoma. Kijito kikakauka.
Ni Mungu huyo huyo aliyemtuma pale. Hakukizuia kukauka. Alimwambia nabii ondoka, nenda kwa mjane. Naye akaenda. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye matope nangoja ndege. Nimelia mbele za watu. Jioni nikamwambia Masanja, tunakwenda.

Jumapili, 16 Machi
Sengerema. Juzi kivuko cha Busisi kilikwama katikati, magugu yamekibana. Nikamfunga Neema kifuani, sikuomba turudi, hadi kiliponasuka.
Mama mkwe ni mjane. Nilimwamkia shikamoo, akampokea mtoto kabla hajaitikia. Unga wake ulikuwa chini kabisa ya debe. Akakung'uta, akasonga ugali, tukala sote.
Mvua imenyesha. Neema kalala.
Masanja amebaki kule ziwani kufunga nyumba. Bado nahitaji aniletee jembe langu, chandarua, sufuria ndogo, na shuka la Neema. Beseni la dagaa ampe Mama Kulwa.