Anayekaa Nami Nikishona

Kaole, Bagamoyo
Jumanne asubuhi

Kwa Dada Biubwa,

Shikamoo dada. Assalaam alaykum wewe, shemeji Mikdad na watoto, na Baba kwa namna ya pekee. Kifua chake kimeacha kubana? Mimi mwili mzima, alhamdulillahi; mengine utayasoma humu. Nakuandikia barua kwa sababu simu huifungia sandukuni hadi adhuhuri, na kama ningekurekodia sauti ningeshahama mada kabla sijakujulia hali.

Nimekusikia kwenye ujumbe wako wa sauti kwamba mwezi ujao mnahama Tanga kwenda Songea, na kwamba baridi ya huko haitamfaa Baba, kwa hiyo unataka arudi akae nami. Unasema kila anayetoka huku anakusimulia nilivyobadilika. Wanasema kweli. Ila kabla sijakujibu nataka ujue nimebadilikaje.

Unanijua. Mkinituma chumvi nilikuwa nikirudi na paka. Mwaka jana nilikuwa na kofia saba za kushona kwa mkono nilizozianza, hakuna hata moja iliyokwisha, na Taher wa dukani aliyeziagiza akawa ananisalimia kwa upole, kama mtu anayemjulia hali mgonjwa. Nikaenda Dar kwa daktari. Akaniambia si uvivu wala si jini. Ni hali ya ubongo niliyozaliwa nayo, wanaiita ADHD, na watu wazima wengi wanayo bila kujua. Nililia kwa raha, dada. Akanifundisha niweke kazi moja tu mbele ya macho, nitege saa ya kengele dakika ishirini na tano, na nisiinue kichwa mpaka ilie. Akaongeza kwamba watu wa namna yangu hufanya kazi vizuri mtu mwingine akikaa karibu nao kimya, hata kama hawasaidii chochote.

Nikamwomba jirani yangu Dija. Akawa anakuja asubuhi na ukili wake, anakaa mkekani nyuma yangu, yeye anasuka, mimi nashona. Hatusemi neno. Katika wiki mbili nilimaliza kofia iliyonikalia tangu Ramadhani.

Halafu siku moja nikakutana naye sokoni akaniomba radhi. Binti yake alikuwa amejifungua huko Mapinga, na yeye alikuwa huko siku nane bila kuniaga. Nilicheka nikidhani ananitania, maana siku zote hizo nane nilisikia mchakacho wa khanga nyuma yangu, na pumzi za mtu. Sikuwa nimegeuka hata mara moja, ndiyo sharti. Kesho yake kengele ilipolia niligeuka haraka. Hapakuwa na mtu. Niliugusa mkeka, ulikuwa na joto.

Mwingine angekimbia. Mimi nilirudi kushona, na nikamwambia Dija asijisumbue tena kuja. Sasa ni miezi mingi, kofia zote saba zimekwisha na Taher ameagiza nyingine. Kila asubuhi naogopa mpaka vidole vinapoa, lakini kazi inakwenda. Wiki iliyopita nilimwona kwenye kioo cha kabati. Ni Mama. Midomo yake imekauka hadi imepasuka.

Hili linalofuata ukinichukia una haki. Wakati wa matanga uliniuliza Mama aliondokaje, nikakwambia nilimshika, nikampa maji kwa kijiko na kumtamkisha shahada. Nilikudanganya. Baba alikuwa msikitini, nyumbani nilikuwa peke yangu, na Mama akaomba maji. Nilitoka kumletea. Uani nikakuta nguo kambani na wingu limefunga, nikaanua, nikakunja, nikaona kanzu ya Baba imekatika kifungo, nikakaa nikakishona. Niliporudi chumbani nilikuwa na kanzu mkononi. Maji sikuwa nayo. Mama alikuwa amekwisha kufariki, uso ameuelekeza mlangoni.

Tangu nimwone naweka glasi ya maji mkekani kila asubuhi. Jioni naimwaga, imejaa vilevile.

Jana adhuhuri nilifungua simu nikausikiliza ujumbe wako, sauti yako ikajaa chumba kizima. Uliposema Baba atakuja mwezi ujao, nikasikia mchakacho. Nikatazama kwenye kioo. Mama alikuwa amesogea pembeni, ameacha nafasi ya mtu mmoja mkekani.

Usimlete Baba kwangu, dada yangu. Mpeleke Fukayosi kwa shangazi Mwanabaraka, nyumba yake haikosi watu. Akikuuliza sababu, mpe barua hii aisome.

Nisalimie wote hapo, na watoto uwabusu. Sitakudai jibu. Barua hii nimeiandika kwa kikao kimoja, bila kuinua kichwa.

Mdogo wako,
Hajra