Kilio ya Kambo, na Kambo mwenyewe iko na jembe mu mukono

Lubumbashi, siku ya posho, ni kusema Jumamosi, jua inaanza kushuka

Leo asubui baridi ilikuwa ya kukata masikio, kisha upepo ukaleta vumbi ya kiangazi mpaka mu meno. Haina neno. Mikono yangu iko na malengelenge, mugongo unalia, na roho yangu inacheza kama mutoto wa komunyo ya kwanza.

Tumezika shimo!

Ninaandika na kidole kimoja, polepole, juu masomo yangu iliishia ku mwaka ya tatu ya primere. Mwenye anataka kucheka, acheke. Mwenye anataka kuacha kusoma, mulango iko wazi. Miye nitaandika tu.

Siye tunakaa hapa Kampemba, nyuma ya biro moja ya bantu benye kutengeneza mapapie ya kamyo zinazoenda ku mupaka wa Kasumbalesa. Katikati yetu na bo kuko mukuta, na upande wetu wa mukuta kulikuwa shimo. Kila mangaribi banaleta takataka yote ya biro, banamwanga humo: mapapie, gobele za plastike za kunywea mayi, sashe, masanduku ya wino ya mashine. Banawasha moto, banafunga mulango, banaenda kwao. Moshi inabakia na siye.

Moshi ya plastike haiko kama moshi ya makala ya kupikia. Inakukamata mu shingo sawa mukono ya muntu mubaya. Nguo nyeupe, nilisha kuacha kuianika saa za mangaribi, juu inarudi na alama nyeusi. Lakini nguo ni nguo. Jirani yangu Mamie iko na mutoto, Exaucé, hajatimiza hata mwaka. Akisikia ile harufu anaanza kukohola mpaka uso inabadilika rangi. Mamie anafunga dirisha, anaweka kitambaa ya mayi chini ya mulango. Mutoto anakohola tu.

Ni juu yake njo nilianza hii vita.

Mama mumoja alikuja ku parokia kutufundisha siye bamama juu ya mazingira. Neno lenyewe sikulijua. Nilisikia "masigara", nikasimama nikamwambia kwangu hakuna mwenye kuvuta. Bamama balicheka mpaka vitambaa vya kichwa vikaanguka. Basi yule mama akaeleza: mazingira ni hewa, ni mayi, ni udongo, ni fasi unaishi. Akasema hata sheria kubwa ya inchi inasema kila muntu iko na haki ya kuishi fasi ya safi.

Haki! Miye nilizania haki inakaa ku tribinali. Kumbe hata kupumua ni haki. Miaka yote nilikuwa naomba wale ba biro sawa muntu anaomba chumvi kwa jirani.

Akauliza nani atakuwa volontere wa kuingia mu mabiro kuelimisha bantu. Sikungoja amalize. Mukono yangu ilikuwa juu.

Tangu pale niliingia mu ile biro kila wiki. Nilibagombeza bote. Papie iko na migongo mbili, andika ku yote mbili! Unatoka inje, zima taa, ama jua haikuangazii? Mwenye alinisumbua zaidi ni sekretere, Mama Ntumba, mwenye kucha ndefu. Alisema, "Kambo, kwenu munakunywa mu kopo ya bati. Hapa tunapokea bageni."

Nikamujibu, "Mugeni anakunywa mayi, mama. Hakunywi gobele."

Alininunia. Miye pia nilimununia, na kununa nilianza zamani kumupita.

Patron wa ile biro haiko muntu mubaya, ni muntu wa kuchelewa. Alinisikiliza, akasema, "Kambo, ile shimo, siwezi kulazimisha bantu. Kama bafanyakazi benyewe banakuja siku ya posho kuifunika, siku ile ile moto imekwisha, na takataka tutaitenga vizuri hapa ndani. Nakupatia siku mbili za posho. Kama hakuna muntu anakuja, shimo inabakia, na weye unaacha kupiga kelele mu biro yangu."

Nikakubali. Miye siogopi muntu mwenye kravati mu shingo.

Posho ya kwanza, nilifanya kosa. Nilibaambia ni salongo. Benye kukua hapa banajua salongo: kazi ya kufagia barabara, serikali inaamuru, usipokuja unalipa amende. Ile siku bote balikuwa na sababu. Huyu jino, yule mama-mukwe, mwingine motokari imekufa. Tulikuwa siye bamama ba parokia peke yetu na majembe yetu, na sentineli, mulinzi wa biro, Papa Kazadi, anatuangalia. Udongo ni mingi, shimo ni murefu, siye ni bazee. Na agano ilikuwa juu ya bafanyakazi, haiko juu yetu. Papa Kazadi akasema, "Kambo, neno salongo linafukuza bantu kupita pulisi."

Sikulala vizuri ile wiki. Exaucé alikuwa anakohola ku upande ingine ya ukuta wa nyumba yangu, na miye nahesabu: posho moja tu imebakia.

Kisha nikajiuliza: hapa kwetu, bantu hawakatai nini? Banakataa ndoa. Banakataa mikutano. Kilio ya mufu, hakuna mwenye anakataa! Ku kilio hata adui yako anakuja na kiti ku kichwa. Basi, siku ya tano, ile Ijumaa, nikaenda ku mulango wa biro, nikamwambia Papa Kazadi, "Ambia bote: kesho asubui, kilio ya Kambo, pale nyuma ya mukuta."

Nilitaka kusema: kilio yenye Kambo anaita, ya kuzika shimo. Ni jambo wazi, ama?

Papa Kazadi, Mungu alimupatia uso ya huzuni tangu tumbo la mama yake. Akaenda kuambia bantu na ile uso.

Leo asubui nimesimama ku shimo, jembe mu mukono, bamama ba parokia nyuma yangu. Mara nasikia kulia. Nageuka: biro nzima! Nguo nyeusi. Shofere na viti vya plastike juu ya kichwa. Patron mwenyewe, viatu vya kung'aa mu vumbi, na mufuko ya unga ku bega. Mbele ya bote Mama Ntumba, mikono juu, machozi mpaka ku kidevu: "Kambo wangu eee! Umekwenda kabla sijakuomba pardon juu ya magobele!"

Akaniona.

Alipiga kelele moja, akakaa chini mu vumbi. "Muzimu!"

"Muzimu njo mama yako! Nani alisema nimekufwa?"

Bote bakageukia Papa Kazadi. Naye anajitetea, "Lakini Kambo, ulisema weye mwenyewe! Kilio ya Kambo!"

Kosa yote ilikuwa mu kaneno kadogo, "ya".

Bamama balianza kucheka, lakini miye sikucheka. Nilikasirika kweli. Nikabaambia, "Posho iliyopita nilibaita, nilikuwa muzima, hakuna hata mumoja alikuja. Leo nimekufwa, munaniletea viti! Sasa kwa sababu mumefika, maiti ile pale mbele yenu. Inaua batoto kila mangaribi. Muizike!"

 

Patron akashusha ule mufuko. Akatoa koti. Akakuja mbele yangu, akanitoa jembe mu mukono, taratibu, sawa unapokonya mutoto kisu. "Kambo, pardon," akasema. "Tutazika."

Yo! Ungeona! Bakapokezana majembe, kravati ku bega. Mama Ntumba alivunja kucha mbili, akaendelea kusukuma udongo. Bamama bakaimba nyimbo za kilio, za mbio, za kufukuza mauti, na Mamie akacheza na Exaucé ku mugongo. Tulipomaliza, unga ilikuwepo, tukasonga bukari, tukapika sombe ya majani ya muhogo. Tulikunywa mu kopo za bati. Mama Ntumba alisema mayi iko tamu mu bati. Nilimusikia, nikajifanya kiziwi.

Nitasema kweli hapa, juu hakuna mwenye atanigombeza: nilifurahi kuona banalia juu yangu. Kidogo. Sawa, sana.

Takataka ya plastike, bado hatujui tutaipeleka wapi. Ya chakula itaenda ku shamba langu kule Annexe. Ya plastike iko mu mifuko ndani ya biro, na patron aishi nayo mpaka apate akili.

Sasa ni saa ile ya moto wao. Nimeanika dra, shuka yangu nyeupe ya kitanda. Ninaiangalia tangu niianike. Iko nyeupe. Ku upande ingine ya ukuta wa nyumba yangu dirisha ya Mamie iko wazi, na sisikii kukohola.

Kitu kimoja tu kinanisumbua. Siku nitakufwa kweli, Papa Kazadi akienda kubaambia na ile uso yake, bataamini? Ama batauliza, "Kambo anataka tuzike nini tena?"

Basi, nisife kwanza. Siku ya kwanza, Jumatatu asubui, niko na kazi ku biro: nilipopita leo, taa zilikuwa zinawaka muchana kweupe.