Kwa Mujibu wa Mama Mzazi

4 Februari

Mama yangu,

Shikamoo. Natumaini presha imetulia na macho bado yanaliona tundu la sindano. Mimi mzima, ila nina hasira, basi nivumilie.

Miaka sita imepita tangu wanipunguze tumbo. Kutoka kilo mia moja thelathini na moja nikafika sabini na nne, ukanishonea lile gauni la bluu. Sasa nimerudi mia na tisa. Mwezi uliopita daktari wa upasuaji aliniingiza kamera kooni, akaona chanzo. Wakati ule walinitengenezea kifuko kidogo juu, wakakitenga na tumbo la zamani, wakakiunga na utumbo. Pale walipotenga pamefumuka, pana tundu. Chakula kinapita hapo na kurudi tumbo la zamani, ndiyo maana njaa imerudi na kilo zimerudi nayo. Inabidi nifunguliwe tena warekebishe.

Jopo la madaktari limekataa. Eti sina nidhamu ya kula, operesheni itapotea bure. Nikaomba kuliona faili langu. Ukurasa wa tisa umeandikwa: "Kwa mujibu wa mama mzazi, mgonjwa anakula kupita kiasi."

Mimi kazi yangu ni masijala. Nashinda na mafaili, najua neno likishaingia humo halifutwi. Kinachowezekana ni kuongeza karatasi tu. Mama, uliwaambia nini?

Wako,
Kitindamimba

19 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Presha ilikuwa imetulia mpaka barua yako ilipofika.

Kumbe yule muuguzi wa hospitali yako alikuwa anaandika! Alipiga simu mwaka jana, sauti tamu kama asali: "Mama, binti yako anakulaje siku hizi?" Nikamjibu kama mzazi yeyote: "Huyo? Sufuria zikimwona zinajificha!" Akacheka mpaka akakohoa, nami nikacheka. Ulitaka nikusifie kwa mtu nisiyemjua? Tangu unazaliwa nakuita sura mbaya, mbona hukunishtaki?

Lakini tuseme ukweli. Gauni la bluu nimelitanua mara tatu kwa mikono hii. Kwenye harusi ya dada yako nilikuona jikoni, umesimama nyuma ya mlango, unatafuna. Hilo nalo limefanywa na tundu? Kukatwa mara ya pili kwa sababu ya mdomo mimi sikubali, na sitakuja kukuuguza. Jizuie tu, Mungu atasaidia.

Mama yako

2 Machi

Mama,

Shikamoo. Habari za afya yangu utazisikia kwa wengine.

Nilikula jikoni nimesimama kwa sababu mezani shangazi zangu walikuwa wanahesabu matonge yangu kwa sauti. Nilikula nusu kikombe. Kikombe hicho natembea nacho. Kazini kinakaa kwenye droo, pamoja na mihuri. Soda sijanywa miaka sita. Nikija kwako unanijazia sahani. Nikiacha, unanuna. Nikimaliza, unawasimulia majirani.

Wewe ni fundi cherehani wa miaka arobaini. Mteja akikuletea gauni limefumuka ubavuni, unamuuliza alikula nini? Nimekuona mwenyewe: unalipokea, unaomba radhi, unalishona upya. Mtu baki anapata heshima hiyo. Mimi uliyenizaa nimeambulia mzaha, na mzaha huo umenifungia mlango wa upasuaji.

Usiniandikie.

Mwanao

28 Aprili

Mwanangu,

Umenikataza, na ninaandika hivyo hivyo. Sijui unaendeleaje, na kutojua huko kumeniondolea usingizi na hamu ya kazi.

Barua yako niliiweka chini ya cherehani. Kwa wiki kadhaa nilikuwa nakujibu moyoni, na kila jibu nililiona zuri kweli. Kisha akaja mteja, sketi yake imeachia ubavuni. Fundi mwenzangu akamtania, "Dada, punguza kula!" Tukacheka wote, na mteja akacheka. Lakini aliikumbatia ile sketi kifuani kwa mikono miwili, nikakukumbuka wewe unavyocheka ukiwa kwangu. Nikamgombeza mwenzangu mbele za watu. Halafu nikaingia nyuma ya pazia la kupimia nikalia.

Jumatatu nikapanda basi. Sikupita kwako, nilikwenda hospitali moja kwa moja. Muuguzi yuleyule, nilipojitambulisha, akasema, "Ah, mama wa sufuria!" Nikamwambia ndiye mimi, na leo sikuja kuchekesha. Akasema faili halifutwi. Nikamwambia najua, mwanangu ni mtu wa masijala, leta karatasi tuongeze.

Daktari akatoka kuangalia kelele ni za nini. Nikamwomba anionyeshe hilo tundu. Akasema hawezi bila ruhusa yako. Hapo ndipo nilipopandwa na hasira! Nikamuuliza: "Kunionyesha mnataka ruhusa yake, na kunisikiliza nikimsema kwenye simu, mliomba ruhusa kwa nani?" Nikamwambia kwangu mshono ukiachia anaulizwa fundi, haulizwi mama wa mteja.

Akaagiza karatasi iletwe. Nimeandika, nimetia sahihi. Usiponisamehe nitaelewa.

Mama yako

30 Mei

Mama,

Shikamoo. Mimi sijambo, natumaini nawe hujambo.

Nimeisoma karatasi yako, sasa ndiyo ukurasa wa kumi. "Nilikuwa natania. Mwanangu anapima chakula chake kwa kikombe. Mimi ndiye niliyemnunia alipoacha." Niliisoma nimesimama pale dirishani kwa karani, nikashindwa kuirudisha mpaka akaniomba mara mbili.

Jopo limekaa tena na kukubali. Ni tarehe 17 Juni. Daktari hakuniahidi miujiza: anasema ni ngumu kuliko ile ya kwanza, panaweza kuvuja, na huenda kilo zote zisishuke. Nimesaini nikijua hivyo.

Bado nina hasira na wewe, sitakudanganya. Lakini wanataka ndugu wa kukaa nami wiki mbili, na nimeandika jina lako. Njoo. Usilete chakula.

Kitindamimba

19 Juni

Mwanangu,

Umelala, kwa hiyo nakuachia hii chini ya glasi, niende nikaoge. Umeamkaje? Maumivu yamepungua? Daktari amepita, amesema wamepaziba vizuri na mpaka sasa hakuna kinachovuja.

Muuguzi naye amekuja na kalamu yake. Ameniuliza maji unakunywaje, na njaa unaisikia au huisikii. Ulimi uliniwasha, maana nilikuwa na moja nzuri sana ya sufuria. Nikamwambia, "Mwenyewe huyo hapo. Subiri aamke umuulize."

Amevuta kiti. Anakusubiri.

Mama yako mzazi