Kile Kiti cha Kompyuta

Wanangu,

Nimewahi zamu wodini. Chai iko kwenye chupa, mayai mkaange wenyewe. Kompyuta msiiguse mpaka fundi aje saa nne.

Mnajua sikuwahi kuupenda huo mtindo wa kufungua kwa uso. Nilimwambia baba yenu neno la siri linatosha, akanicheka, eti mimi mshamba. Tangu tumzike, kompyuta imemkatalia kila mtu. Hata wewe kaka mtu, uliyefanana naye kama pacha, ilikwambia uso haujatambuliwa.

Leo asubuhi nilikuwa nafagia sebuleni. Kiti kitupu, picha yake iko chumbani kwangu. Mara kioo cha kompyuta kikawaka chenyewe, kikaandika, "Karibu tena, Mzee Kijana," lile jina alilojipa mwenyewe. Mafaili yake yakafunguka moja baada ya jingine. Nikasema kwa sauti, "Mume wangu, acha utani." Kikajifunga hapo hapo.

Fundi akija, ~~mwambieni aufute uso wa baba yenu~~ mwambieni aache kama ilivyo, atazame tu ile feni ya kompyuta inayopiga kelele.

Na akitaka kukaa, mpeni kiti cha jikoni. Kile kina mwenyewe.

Mama yenu