Kahawa Haioti Alabama

Jumanne, 6 Oktoba 1964

Wakili wa Bwana Pruett, mwenye mkahawa ninakopika, alikuja leo. Walikaa meza ya karibu na jiko, nikasikia yote. Mimi mpishi kwao ni kama sufuria, hawapunguzi sauti. Ile sheria mpya ya Washington, kwamba mikahawa ituhudumie sisi weusi mezani kama watu wengine — wakili anasema ina mwanya. Eti Washington haina mamlaka juu ya biashara ya ndani ya jimbo. Yake ni ile inayovuka mpaka, jimbo hadi jimbo. Kwa hiyo kama kila kinacholiwa hapa kimetoka Alabama, na walaji ni watu wa Alabama, Washington ikae kwao. Bwana Pruett akapiga meza kwa furaha. Kuanzia Jumatatu, Alabama tupu!

Nilipomsimulia Lucious, mume wangu, alicheka mpaka akakohoa. "Yaani mimi kukaa kwenye kiti kunategemea nguruwe kazaliwa wapi?" Kisha akaacha kucheka. Kesi ya mkahawa mwingine kama wetu iko mahakama ya juu kabisa kule Washington, na ameapa: siku majaji wakisema tuingie, anaingia kwa mlango wa mbele, anakaa, anaagiza mbavu zangu. Miaka yote anazilia kwenye dirisha la nyuma, amesimama, sahani ya karatasi mkononi. Nimemwomba asiape. Hataki kusikia. Mungu wangu, huyu mwanamume wataniulia.

Jumatano, 14 Oktoba

Nguruwe wa Alabama wapo, hapo hakuna neno. Unga wa mahindi upo. Siki ipo. Lakini pilipili manga? Haioti huku! Haradali nayo ya kopo, imetoka sijui Missouri. Bwana Pruett anageuza kila kopo, miwani puani, anasoma chapa, anatupa kwenye boksi. Mchuzi wangu umebaki siki na chumvi — huo si mchuzi, ni adhabu. Halafu kahawa! Hakuna aliyefikiria kahawa. Wateja wa asubuhi nusura wapindue meza. Nadine, msichana anayehudumia, alirudi jikoni analia.

Alhamisi, 15 Oktoba

Bwana Pruett kaleta mbegu za bamia. Nizikaange, nizisage, nizipike kama kahawa — eti bibi yake alifanya hivyo wakati wa vita vyao vile vya kale, Kusini na Kaskazini. Haya, nimepika. Mzee Gaines, anayekuja hapa kila siku ya Mungu, alionja, akaweka kikombe chini taratibu, akamwambia Bwana Pruett: "Hollis, nawachukia wale wa Washington kama wewe. Lakini hii sinywi."

Ijumaa, 23 Oktoba

Gari lenye namba za Tennessee, jimbo jirani. Baba, mama, watoto, wazungu watupu, wana njaa. Bwana Pruett kawazuia mlangoni: wasafiri hatuhudumii. Yule mama hakuamini masikio yake. "Sisi? Kwa nini sisi?" Niliingia stoo nikajiziba mdomo kwa aproni. Nilicheka vibaya, sijifichi.

Lucious naye jioni: "Siku hizi wazungu wanafukuzwa ili mimi nisikae. Naanza kujiona mtu mkubwa."

Jumapili, 15 Novemba

Leo sikucheka. Baada ya ibada Dada Earline wa kwaya kaninong'oneza: kule kiwanda cha mbao anakofanya kazi Lucious, wenzake wazungu wamemwambia wanajua alichoapa. Na amenificha! Nimemuuliza, anasema ni domo tu. Nikasema basi akae nyumbani, mbavu nitampikia hapa hapa. Akanijibu kwa upole kabisa: "Si mbavu, Ardelia."

Najua si mbavu.

Jumatatu, 14 Desemba

Jamani! Redio ya jikoni imesema! Majaji wote, hakuna hata mmoja aliyepinga. Bunge la Washington lina mamlaka hayo. Chakula kinavuka mpaka wa jimbo, na mkahawa ukifukuza watu, biashara ya nchi nzima inaumia. Kwa hiyo tuhudumiwe. Nilikaa kwenye gunia la viazi nikalia kama mtoto. Sikujua nilikuwa nimebana pumzi tangu Oktoba.

Bwana Pruett alikuja akasimama mlangoni mwa jiko. Nikajua kazi ndiyo imekwisha. Kumbe! "Ardelia," akasema, "ile kahawa ya kweli uliiweka wapi?" Nikamchemshia. Kanywa vikombe viwili, rangi ikamrudi usoni. "Sasa hakuna wa kunilaumu," anasema. "Wakiniuliza, ni Washington. Si mimi." Na yeye kashusha pumzi! Nilitaka kumchukia, lakini nilikuwa na furaha mno.

Ijumaa, 18 Desemba

Pilipili manga imerudi, haradali imerudi, mchuzi wangu ni mchuzi tena. Lucious kasema ni kesho. Shati nimempigia pasi mwenyewe, sikubishana. Wiki nzima nimelala usingizi wa kweli.

Jumamosi, 19 Desemba

Naandika jikoni, haraka, mkono una mafuta. Yumo ndani! Kaingia kwa mlango wa mbele, suti ya kanisani, kakaa meza ya katikati. Hakuna aliyempiga. Wawili walitoka, wakatema mate ngazini, basi. Mzee Gaines kageuza kiti akaelekea ukuta, lakini anaendelea kula. Nadine kampelekea maji. Nachungulia kwenye tundu la kupitishia sahani, nacheka peke yangu. Asante, Yesu.

Nilimpa mbavu nzuri kuliko zote. Na sasa zimerudi! Sahani nzima! Bwana Pruett kaileta mwenyewe, jasho linamtoka, kaiweka mbele yangu. Zimekauka, anasema. Zangu! Miaka yote huyu mume wangu anazitafuna nje kwenye mvua mpaka mfupa, hajawahi kufungua mdomo. Leo kapata kiti, kapata na ulimi! Ngoja arudi nyumbani.

"Nani kasema zimekauka?" nikauliza, kama vile sijui.

"Mteja," akasema Bwana Pruett. "Fanya haraka, Ardelia. Mteja anasubiri."

Kasema mteja. Mara mbili.

Nimeweka nyingine motoni. Nje limesimama gari la watu wa kiwanda cha mbao, injini inanguruma, hakuna anayeshuka. Bwana Pruett kalisikia. Kaenda kusimama mlangoni, kauziba, taulo begani, mgongo umeelekea kwetu. Lucious hajageuka hata kidogo. Mbavu bado kidogo tu ziive —